Kulipa Nako Kunalipiwa: Nani Alitia Saini?

Vijana wenzetu wa Bibokoboko, wa Baraka, wa Fizi Sentre, wa Mboko na wa Uvira, na ninyi mlio mbali mnaotuma pesa ya kuwasha taa nyumbani kwa mama,

Fungueni simu. Tafuteni SMS ya mwisho mliyopata baada ya kulipia sola, maji ao umeme. Kiasi mlicholipa mnakijua, kirukeni. Shukeni chini karibu na mwisho, pale kuna neno la Kifaransa, "frais", na namba ndogo pembeni yake. Namba hiyo hakuna mtu aliyetuuliza kama tunaikubali. Haikuandikwa kwenye mkataba wa sola, haikutangazwa kanisani wala msikitini wala sokoni. Imekaa tu pale chini, na kila tukilipa inachukua chake.

Tunajua kuna watakaocheka. Nchi iko na vita, watu wamehama, na ninyi mnapiga kelele juu ya franka mia mbili? Ndiyo, tunapiga. Wengi wetu tumemaliza chuo, diploma iko ndani ya sanduku imefungwa na plastiki isiliwe na unyevu, na kazi hakuna. Mtu asiye na mshahara anazihesabu franka mia mbili, maana ndizo zinazoamua kama leo mtoto atasoma usiku ao atalala saa kumi na mbili na nusu kama kuku.

Wenzetu wa mijini wanaosoma hapa waelewe kwanza kwamba fakture ya kwetu haifanani na ya Kinshasa. SNEL ilianzishwa mwaka 1970, REGIDESO mwaka 1939, na mtu wa Bukavu ao Uvira anaweza kulalamika kwamba umeme wa Ruzizi unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Sisi hata hilo lalamiko hatuna. Bibokoboko waya haijafika. Katika nchi nzima ni kama mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme, na huku kwetu milimani hesabu ni mbaya zaidi. Kwa hiyo umeme wetu ni sola ya mkopo: paneli juu ya bati, betri ndani, taa tatu ao nne, na mahali pa kuchajia simu. Unalipa kidogo kidogo kwa simu, unapata siku zako. Siku zikiisha, betri inajifunga yenyewe. Jua linaendelea kuwaka juu ya paneli yako, lakini ndani ni giza mpaka ulipe tena.

Hatusemi sola ya mkopo ni mbaya. Imetuokoa. Na tuseme kwa fahari kidogo: Altech, moja ya kampuni zilizoeneza taa za sola Congo, ilianzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, watoto wa Kivu Kusini waliokimbia vita wakakulia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Watu kama sisi. Njia ya kulipa kidogo kidogo kwa simu ni akili nzuri, kwa sababu nani huku ana dola mia moja na zaidi za kuweka mezani kwa siku moja?

Lakini ndani ya uzuri huo kuna shimo. Tuchukue hesabu ya mfano, namba za kufundishia tu, kila mmoja ataweka za kwake. Mwalimu fulani mwenye mshahara analipia sola yake franka 20,000 mara moja kwa mwezi, na ada ya kutuma ni franka 400. Mama anayeuza ndizi hawezi, anapata pesa siku ya soko tu. Analipa 5,000 kila juma, na kila mara anakatwa 200. Mwisho wa mwezi wote wawili wamelipa sola ileile, mwanga uleule. Mwalimu amekatwa 400, mama amekatwa 800. Sasa mchukueni kijana anayebeba mizigo, analipa ya siku moja moja, anakatwa hata franka 50 tu kila siku: 1,500 kwa mwezi. Aliye na kidogo zaidi ndiye analipa zaidi, na hakuna aliyetangaza kwamba hiyo ni kodi.

Kisha kuna mambo mengine madogo ambayo hayaandikwi popote. Bibokoboko rezo ni ya kutafuta, mtu anapanda kilima na simu mkononi kama anayeomba mvua. Malipo yanakwama katikati: pesa imetoka kwenye simu, kodi ya kufungua betri haijafika. Piga namba ya huduma, inakula unite zako mkiwa mnasubiri muziki uishe. Mmoja wetu alituma kiasi kilekile alichoambiwa, ada ikakatwa ndani yake, salio likawa pungufu kwa franka chache sana, na betri ikabaki imefungwa siku mbili. Akalazimika kutuma tena, na kwa kutuma tena akakatwa ada nyingine. Ada juu ya ada, kwa deni lililozaliwa na ada. Ajenti naye ana ya kwake juu ya meza, anasema ni ya maji ya kunywa. Tunamwelewa, komisyoni yake ni ndogo na yeye pia ni shomeri aliyejitafutia meza na mwavuli. Lakini mwishoni maji yake tunanunua sisi.

Watatuambia: kama ada inawauma, si mwende kaunta mlipe noti? Kaunta gani? Kutoka Bibokoboko unashuka kwa mguu hadi Baraka. Kutoka Baraka hadi Uvira ni karibu kilometa 90, na barabara hiyo mnaijua ninyi wenyewe, mvua ikinyesha hata lori linalala njiani. Nauli ya moto inazidi fakture mara kadhaa. Na kwa walioondoka Bibokoboko nyumba zilipochomwa Oktoba 2021, wakaishi Baraka kwa hisani ya watu, pesa ya ndugu inakuja kwa simu tu, hakuna njia nyingine. Hata wa mijini wameonja. Benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwaka 2025, simu ikawa ndiyo benki, na watu wakaanza kukatwa komisyoni nzito ili tu waone noti mkononi. Ukiwa na mlango mmoja, anayesimama mlangoni anapanga bei anayotaka.

Hoja yao ya pili iko na uzito, tusiikimbie. Wanasema antena zinakula mazutu, ajenti anataka komisyoni, mitambo inalindwa, huduma inagharimu. Ni kweli kabisa. Lakini hesabu iende pande zote. Mtu anapolipa kwa simu, kampuni ya umeme, ya maji ao ya sola inaokoa nini? Haihitaji mtu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari la risiti. Haihitaji kaunta, mlinzi, wala gari la kubeba pesa katika barabara zenye vizuizi. Haipokei noti zilizochanika, wala haibishani na mteja juu ya dola yenye alama ya kalamu (huko Congo dola ikipata mkunjo tu ni mgonjwa, kila mtu anaikataa). Wizi wa mkusanya pesa unapungua. Pesa inafika kabla ya huduma kutolewa, maana kashi pawa na sola ya mkopo zote unalipa kwanza, unawasha baadaye. Faida yote hiyo inabaki kwao. Gharama ya kutuma inabaki kwetu. Mgawanyo huo si wa Mungu, kuna watu waliokaa mezani wakauamua.

Tunasema hivyo kwa sababu jirani zetu wanauonyesha wazi. Kenya, kampuni ikichukua namba ya kulipiwa kwa M-Pesa, inachagua nani atabeba ada: mteja aibebe yote, ao kampuni ibebe yote, ao wagawane. Hiyo ya kugawana wameiita kwa Kiswahili safi, Mgao. Inachaguliwa kwenye karatasi siku ya kutia saini. Kwa hiyo mkiona ada kwenye SMS, jueni kuna bwana ao bibi fulani ofisini aliyeweka alama kwenye kisanduku cha "mteja alipe". Swali letu kwa kila kampuni inayotuuzia mwanga na maji ni hilo moja: nani aliweka alama hiyo kwa niaba yetu?

Na inawezekana kuondoa. Machi 2020, korona ilipoingia, Safaricom ilifuta ada ya kutumiana pesa zisizozidi shilingi 1,000 za Kenya, na ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa mwaka ule. Antena hazikuanguka. Ajenti hawakufa njaa. Ilikuwa uamuzi.

Tusijidanganye lakini kwamba upande wa serikali daima ni rafiki. Serikali zikiona watu wanalipa kwa simu, zinaona ng'ombe wa maziwa. Uganda ilianza Julai 2018 na kodi ya asilimia 1 kwa pesa za simu. Raia wakapiga kelele, na kabla ya mwaka kwisha ikashushwa hadi asilimia 0.5, kwa kutoa pesa tu. Tanzania, tarehe 15 Julai 2021, waliletewa tozo ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakarudi kubeba noti mfukoni, wakasema, wakachora vibonzo, na miezi miwili haijaisha serikali ikapunguza kwa asilimia 30. Baadaye ikapunguza tena. Ila Agosti ya mwaka uleule wakaanza kukata kodi ya jengo kupitia LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukinunua umeme, kodi inakatwa humo humo, na mpangaji asiye na hata tofali moja akajikuta analipa kodi ya nyumba ya mwenye nyumba. Hilo tulikumbuke sana siku waya itakapofika kwetu: mita inaweza kugeuka sanduku la kodi usiku mmoja.

Sisi Wacongo tulishaonja ya kwetu. RAM, mnaikumbuka? Kuanzia Septemba 2020 unite zilikuwa zinapotea kwenye simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G, zikikatwa vipande vipande bila kuomba ruhusa. Ulikuwa unaweka unite ya kumpigia mgonjwa, unakuta imeliwa. Wakatuambia ni huduma ya kulinda simu yetu isiibiwe. Nani aliwahi kurudishiwa simu iliyoibiwa? Raia hawakunyamaza. Bungeni waziri aliulizwa maswali, na mmoja wa waliosimama alikuwa Claude Misare, mbunge wa Uvira, jirani yetu hapa. Mwanzoni mwa 2022 RAM ikaondolewa. Tunaitaja si kwa kujisifu. Tunaitaja kwa sababu wengi bado wanaamini pesa iliyokatwa na simu ni kama mvua, hakuna wa kumuuliza.

Hata mahakama zinaweza kuuliza. Aprili 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema amri ya kulazimisha wazazi kulipa karo ya shule za serikali kupitia eCitizen ilikwenda kinyume cha katiba, na ile ada ya shilingi 50 kwa kila malipo nayo ikakosolewa, kwa sababu raia hawakushirikishwa. Shilingi 50! Kuna mtu aliyeona kwamba hizo 50 zinastahili jaji. Sisi pia tunaona hivyo.

Sasa kwetu, wa kuulizwa ni nani? Hapa ndipo wanapotuzungusha. Ukimuuliza mwenye sola, anasema ada ni ya kampuni ya simu. Kampuni ya simu inasema bei zake ziko wazi. Tumesoma sheria, maana shule tulisoma hata kama kazi haikutufuata. Umeme uko chini ya sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, na ndiyo iliyoleta ARE, mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme. Maji yana sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Mifumo ya malipo ina sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018, na Benki Kuu ndiyo inasimamia pesa za simu. Mawasiliano yako kwa ARPTC. Milango minne kwa franka mia mbili. Kila mlango unaonyesha mwingine kwa kidole, na ukihesabu nauli ya kwenda Kinshasa utaelewa kwa nini wamelala usingizi mzuri.

Tunachotaka hakihitaji kamati. Malipo ya taa na maji ya nyumba, yale madogo, yasikatwe ada kwa mlipaji. Kampuni inayopokea ndiyo izungumze na kampuni ya simu na kulipa. Najua, najua, tutaambiwa: mkiondoa ada kwenye SMS, wataiingiza kwenye bei, na mtailipa bado. Tulibishana jioni nzima juu ya hoja hiyo, na baadhi yetu bado hawajaridhika. Jibu la wengi kati yetu ni hili. Ikiingia ndani ya bei, inaonekana, inajadiliwa, na anayenunua wa siku moja moja hapigwi mara thelathini. Mwenye friji na televisheni anabeba sehemu kubwa kuliko mwenye taa tatu. Na kampuni yenye maelfu ya wateja inaweza kukaa na kampuni ya simu na kusema, tupunguzieni ao tunahama. Mama wa ndizi atakaa na nani?

Na kabla hilo halijatimia, kuna jambo ambalo linaweza kufanyika kesho asubuhi: ada ionekane kabla mtu hajaweka namba yake ya siri, kwa Kiswahili, si baada. Bei zibandikwe mezani kwa kila ajenti kwa maandishi ambayo mzee asiye na miwani anaweza kuyasoma. Malipo yakikwama kwa sababu ya rezo, anayetuma tena asikatwe mara ya pili. Na betri isifungwe kwa upungufu uliosababishwa na ada yenyewe, hilo hata mtoto wa la tatu ataliona ni aibu.

Ili tusiende mikono mitupu, tunaanza na daftari. Kuanzia juma hili, kila unapolipia sola, maji, umeme ao hata kuchajisha simu kwa pesa ya simu, usifute SMS. Andika tarehe, kiasi, ada, na kama ulilazimika kurudia. Mwenye jirani asiyejua kusoma amsaidie, na amwambie kwa nini anaandika. Simu ya tochi inatosha, SMS haidai simu ya bei. Waliohama wako Baraka waandike pia, tena wao kwanza. Mwisho wa mwezi mleteni daftari kwa mwenzetu wa mtaa wenu, bila jina, bila namba ya simu, bila namba ya siri ya mtu yeyote. Akiomba hiyo ya mwisho, huyo si mwenzetu. Tutajumlisha pamoja, mbele ya kila mtu, na jumla hiyo ndiyo itakayokuwa mstari wa kwanza wa barua kwa ARE, kwa Benki Kuu, na kwa kila kampuni ambayo jina lake litaonekana kwenye madaftari zaidi ya mara moja.